Umeme wa Ziada na Njia ya Kufika Segese

Mwezi Machi 2024 Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, lilizima vituo vitano vya kufua umeme kwa nguvu za maji. Safari hii sababu haikuwa ukame wala upungufu wa vipuri, mambo ambayo mwananchi ameyazoea kwa miaka mingi hata hayamshangazi tena. Mvua zilikuwa nyingi, mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ilikuwa imeanza kuingiza umeme katika gridi ya taifa mwezi uliotangulia, na umeme uliopatikana ulizidi ule uliohitajiwa. Miezi michache tu kabla ya hapo nchi ilikuwa katika mgao. Wenye mashine za kukoboa mpunga, mafundi wa kuchomelea vyuma na wenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu walikuwa wakiketi kungoja zamu yao ya umeme.

Tangu siku hizo neno "ziada" limeingia katika mazungumzo ya umeme, na nyuma yake limefuata neno jingine lililo geni zaidi, nalo ni haidrojeni. Husemwa kwamba umeme usiokuwa na mnunuzi usipotee bure, bali utumike kuyachanganua maji ili ipatikane hewa ya haidrojeni, na hewa hiyo itumike kutengenezea mbolea, kuendeshea mitambo, au iuzwe ng'ambo. Kwa kuwa umeme wa maji, wa jua na wa mvuke wa ardhini hautoi moshi, haidrojeni ya namna hiyo imepewa jina la haidrojeni ya kijani.

Wazo lenyewe si baya. Lakini maadamu linazungumzwa zaidi mijini, hapana budi litazamwe pia kutoka mahali kama Segese, kata ya wakulima na wachimbaji wadogo katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, mkoani Shinyanga. Huko ni jirani na mgodi mkubwa wa Bulyanhulu. Mtu wa huko ana haki ya kuuliza: huo umeme wa ziada uko wapi, utapita njia gani hata unifikie, na ukifika utampitia nani kwanza?

Tuanze na jambo lenyewe. Maji ni haidrojeni na oksijeni zilizoshikana. Ukipitisha umeme ndani ya maji yaliyotiwa dawa ya kuyafanya yapitishe umeme, hewa hizo mbili huachana. Moja hupanda upande huu, nyingine upande ule. Mwanafunzi wa sekondari huweza kulifanya jambo hili kwa betri na glasi mbili. Kiwandani kanuni ni ile ile, ila hesabu hubadilika. Ili kupata kilo moja ya haidrojeni huhitajiwa uniti 50 hadi 55 za umeme na lita tisa za maji safi kabisa, na pamoja na kilo hiyo hupatikana kilo nane za oksijeni. Mwananchi mwenye taa nne, redio na simu ya kuchaji aweza kukaa mwezi na zaidi kwa umeme wa kilo moja hiyo ya haidrojeni. Huo ndio ukubwa wa ulaji tunaouzungumzia.

Kuna jambo ambalo husahauliwa katika mazungumzo mengi. Chombo chenyewe cha kuyachanganua maji huhitaji volti mbili tu katika kila seli, pungufu ya betri mbili za tochi zilizopangwa mfululizo. Lakini umeme unaopita juu ya nguzo za chuma kutoka Shinyanga kwenda Bulyanhulu una msongo wa kilovoti 220, yaani volti 220,000. Kati ya kiwango hicho na volti mbili iko kazi kubwa na yenye gharama. Hapana budi pawepo kituo cha kupoza umeme, chenye transfoma zake, vikata umeme vyake na waangalizi wake wa usiku na mchana. Hapana budi umeme huo, ambao kwa desturi huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde, ugeuzwe uwe mkondo unaokwenda upande mmoja tu. Kisha seli hupangwa mamia kwa mamia mfululizo ili volti mbili mbili zijumlike.

Mitambo hiyo ya kugeuza umeme ina tabia moja isiyopendeza. Hurudisha katika laini mawimbi yaliyovurugika, na asiyejihadhari huona taa za kijiji cha jirani zikicheza na mota za mashine za kukoboa zikipata joto bila sababu inayoonekana. Dawa yake ipo: ni vichujio maalumu vinavyofungwa pale pale kituoni. Lakini vichujio hugharimu fedha, na mwekezaji mwenye haraka huweza kuviona kuwa ni anasa. Mkataba wowote utakaoandikwa kwa kiwanda cha namna hii usipovitaja vichujio, wenye mashine za kukoboa ndio watakaolipa.

Wako wanaodhani kwamba jambo hili ni jipya, la karne hii ya mabadiliko ya tabianchi. La hasha. Huko Rjukan, nchini Norway, haidrojeni ya kutengenezea mbolea ilipatikana kwa umeme wa maporomoko ya maji tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. Misri ilijenga kiwanda chake huko Aswan, na mwaka 1960 kilikuwa kinatengeneza mbolea kwa umeme wa bwawa la zamani la mto Nile. Jirani zaidi na sisi ni Zimbabwe. Bwawa la Kariba lilipoanza kufua umeme mwaka 1960 lilikuwa na nguvu nyingi kuliko wanunuzi, na katika miaka ya 1970 kiwanda cha Sable Chemicals cha Kwekwe kilianza kuyachanganua maji kwa umeme ili kutengeneza amonia, na kutoka katika amonia ikatengenezwa mbolea ya amonia nitreti.

Habari ya Kwekwe yastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu ndiyo iliyo karibu kabisa na hali yetu. Kwa miaka mingi kiwanda kile kiliilisha nchi. Wakulima wa mahindi na tumbaku walipata mbolea iliyotengenezwa kwa maji, hewa na umeme wa nyumbani, pasipo kuagiza amonia ng'ambo. Lakini kilikuwa kinakula umeme unaotosha mji mkubwa. Miaka ilipopita, watu wakaongezeka, viwanda vingine vikahitaji umeme, mitambo ikachakaa, ukame ukalishusha ziwa la Kariba, na ile ziada ya mwanzo ikatoweka. Bei ya umeme ikapanda. Mwaka 2015 mitambo ya kuyachanganua maji ilizimwa, ili umeme wake utumike kwingine, na kiwanda kikageukia amonia iliyoagizwa kutoka Afrika Kusini. Kiwanda cha Aswan nacho kiliuacha umeme kikashika gesi asilia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa Tanzania ni hili: ziada yetu ni ya namna gani, na itadumu muda gani?

Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa, kila moja ya megawati 235, jumla yake megawati 2,115. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, na mashine ya tisa ilikamilika mwaka 2025. Kwa jumla mitambo yote ya gridi ya taifa sasa ina uwezo unaopita megawati 4,000, ilhali katika mwaka huo wa 2025 mahitaji ya juu kabisa ya nchi yalikuwa karibu megawati 1,900, na hayo ni ya saa za jioni watu wanapowasha taa na kupika. Mtu akitoa moja katika nyingine ataona ziada kubwa ya ajabu.

Lakini hesabu ya kutoa haitoshi. Umeme wa bwawa haufanani na maziwa, ambayo yasiponywewa leo yataganda. Mashine ikizimwa usiku, maji hubaki bwawani, na kesho yatazungusha mashine ile ile. Bwawa la Rufiji laweza kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 za maji. Ni ghala kubwa kuliko yote tuliyowahi kuijengea nchi hii. Anayetumia maji hayo mwezi Mei kwa kutengeneza haidrojeni huenda anayatumia maji ambayo mama wa Segese angeyahitaji mwezi Novemba. Ziada ya kweli kwa upande wa maji ni ile inayopatikana bwawa linapojaa na maji yakawa hayana budi kuachiliwa yapite bure, kama ilivyokuwa wakati wa mvua za mwaka 2024, ambapo wananchi wa Rufiji na Kibiti walipatwa na mafuriko makubwa. Hiyo ndiyo ziada isiyo na deni. Nyingine zote ni akiba, na akiba haiitwi ziada mpaka ukame umepita.

Umeme wa jua una tabia nyingine. Jua la saa saba mchana haliwekwi ghalani isipokuwa kwa betri za bei kubwa. Huko Kishapu, katika mkoa huu huu wa Shinyanga, mradi wa umeme wa jua wa megawati 150 ulipangwa kujengwa kwa awamu, na mkataba wa awamu ya kwanza ya megawati 50 ulitiwa saini mwaka 2023. Magharibi yetu, kwenye maporomoko ya Rusumo, kituo cha megawati 80 kinagawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Kwa mtu wa Segese, ziada iliyo karibu na yenye maana zaidi yaweza kuwa ile ya mchana wa Kishapu kuliko ile ya Rufiji. Wenzetu wa Kenya wana mfano wao: kule Olkaria mvuke wa ardhini hutoka usiku na mchana, na usiku wa manane, watu walalapo, sehemu ya mvuke huachiliwa angani. Mvuke huo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya Kenya itangaze mkakati wake wa haidrojeni mwezi Septemba 2023, na kuweka mbolea mbele ya mambo mengine yote. Jirani na Naivasha tayari kumejengwa kiwanda kidogo chenye kutumia umeme wa jua, kilichokusudiwa kutoa tani moja ya amonia kwa siku kwa ajili ya mashamba.

Sasa tuitazame njia. Umeme wa Rufiji huanza safari kwa njia ya kilovoti 400 hadi Chalinze, kilomita zipatazo 160. Kutoka hapo ulikusudiwa kwenda Dodoma kwa njia nyingine ya kilovoti 400, yenye kilomita 345, lakini mashine za Rufiji zilianza kuzunguka njia hiyo ikiwa ingali inajengwa, na umeme ukalazimika kupita katika njia za zamani za kilovoti 220 zielekeazo Morogoro, Kidatu na Iringa. Kutoka Iringa iko njia kuu ya kilomita 670 kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga, iliyojengwa katika miaka ya 2010 kwa kiwango cha kilovoti 400 ingawa ilianza kutumiwa kwa kilovoti 220. Kutoka Shinyanga umeme huenda Bulyanhulu, na kutoka Bulyanhulu hadi Geita ikajengwa njia ya kilovoti 220 yenye kilomita 55, kisha Geita hadi Nyakanazi kilomita 144. Msomaji akizijumlisha ataona kwamba taa ya Segese ikiwashwa kwa maji ya Rufiji, umeme wake umesafiri zaidi ya kilomita 1,000.

Katika safari hiyo umeme hupungua. Waya huupasha hewa joto, na joto hilo ni umeme uliolipiwa na haukumfikia mtu. Kanuni yake ni kwamba ukiongeza msongo mara mbili kwa mzigo ule ule, upotevu hushuka hadi robo. Ndiyo maana tofauti kati ya kilovoti 220 na 400 si jambo la wahandisi peke yao. Mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kwamba kuupeleka umeme wa kusini hadi kanda ya kaskazini kulikuwa kunaipotezea nchi shilingi bilioni 32 kwa mwaka, na kwa sababu hiyo Serikali ilifikiria kununua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya kanda hiyo kupitia Kenya. Wengi walilipokea jambo hilo kwa mshangao, hata kwa kejeli: nchi yenye ziada inanunuaje umeme? Lakini aliyeielewa habari ya waya na joto hakushangaa. Ziada isiyo na njia haimfai aliye mbali nayo.

Kwa upande wetu hapa, wito wa kwanza wa safu hii si mtambo wa haidrojeni. Ni kukamilishwa kwa njia ya Chalinze hadi Dodoma, kutumiwa kwa njia ya Shinyanga kwa kilovoti 400 zilizokusudiwa, na kuongezwa kwa transfoma katika vituo vya kupoza umeme vya ukanda wa dhahabu. Mambo hayo yatakuwa na faida hata haidrojeni isipokuja kamwe. Mtambo wa haidrojeni uliojengwa mwishoni mwa njia dhaifu utakuwa kama ng'ombe wa maziwa aliyefungwa mbali na malisho.

Wapo watakaouliza: kwa nini basi haidrojeni isitengenezwe huko huko Chalinze, karibu na bwawa na bandari? Swali hilo ni la haki. Jibu latokana na tabia ya hewa yenyewe. Haidrojeni ni nyepesi kuliko vitu vyote. Ili iingie katika tangi hushindiliwa kwa nguvu mamia ya mara kuliko hewa ya kawaida, hupenya katika vijitundu ambavyo hewa nyingine haipenyi, na huwaka kwa wepesi. Kuisafirisha kwa lori kutoka Pwani hadi Msalala ni kazi ya hasara. Kusafirisha umeme juu ya nguzo ni rahisi zaidi, mradi nguzo ziwe imara. Kwa hiyo haidrojeni hutengenezwa mahali inapotumika, na ukanda huu wa Kahama na Geita una matumizi ambayo Chalinze haina.

La kwanza ni mbolea. Naitrojeni iliyomo katika hewa tunayovuta ikiunganishwa na haidrojeni hutoa amonia, na tani moja ya amonia ina naitrojeni sawa na ile iliyomo katika mifuko 35 hivi ya urea ya kilo 50. Mtambo wa megawati moja ukifanya kazi usiku na mchana waweza kutoa tani mbili za amonia kwa siku, yaani naitrojeni ya mifuko ipatayo 70. Ukifanya kazi saa sita tu, wakati wa ziada ya mchana, utatoa robo yake. Hapo ndipo penye mtego: mtambo ni ule ule, mkopo ni ule ule, riba ni ile ile, lakini mifuko imekuwa 18. Tena mitambo ya aina ya zamani, iliyo ya bei nafuu, haipendi kuwashwa na kuzimwa kila siku. Ile ya aina mpya huvumilia, lakini ni ghali.

Bei nayo isemwe waziwazi. Tani moja ya amonia hula uniti zipatazo 11,000. Tuseme kwa mfano kwamba kila uniti yauzwa shilingi 150. Umeme peke yake katika naitrojeni ya mfuko mmoja utagharimu karibu shilingi 46,000, kabla ya mshahara wa mtu mmoja kulipwa, kabla ya mtambo kununuliwa, na kabla ya amonia kugeuzwa kuwa mbolea ya kushika mkononi. Uniti ikiuzwa shilingi 50, gharama hiyo itashuka hadi shilingi 15,000 hivi. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei za dunia, mfuko wa urea ulipita shilingi 120,000, na Serikali ikaweka ruzuku ili mkulima aupate kwa 70,000. Twaona basi kwamba haidrojeni ya mbolea yaweza kuwa na maana kwa umeme wa bei ya chini tu, na umeme hauwezi kuuzwa bei ya chini isipokuwa ile ziada ya kweli tuliyoieleza.

Nchi hii imewahi kuonja uchungu wa mbolea. Kiwanda cha Tanga kilichofunguliwa mwaka 1972 kilitegemea malighafi za kuagizwa ng'ambo, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa kimefungwa. Mpango wa miaka ya 1980 wa kutengeneza amonia na urea huko Kilwa kwa gesi ya Songosongo uliandikwa, ukajadiliwa, ukaundiwa kampuni, na haukutoa hata mfuko mmoja. Mkulima wa mpunga wa Segese amekuwa akinunua mbolea iliyopita baharini tangu baba yake alipokuwa kijana.

Matumizi ya pili ni baruti. Msomaji asishtuke. Amonia nitreti inayorutubisha shamba ndiyo hiyo hiyo inayopasulia miamba migodini, na migodi mikubwa ya ukanda huu huitumia kila siku. Mnunuzi wa namna hiyo, mwenye fedha na mwenye mahitaji yasiyobadilika kwa msimu, ndiye awezaye kukibeba kiwanda katika miaka ya mwanzo. Lakini ni bidhaa ya kuogopwa: tani zipatazo 2,750 zilizowekwa ovyo katika bandari ya Beirut zililipuka Agosti 2020 na kuharibu sehemu kubwa ya mji. Ghala la bidhaa hiyo lisiwe karibu na soko wala shule, na jambo hilo lisiachiwe mwenye ghala kuamua peke yake.

La tatu ni oksijeni, ambayo katika hesabu nyingi za haidrojeni hutupwa angani kama takataka. Dhahabu inapochenjuliwa kwa sayanaidi, dawa hiyo haifanyi kazi pasipo oksijeni. Mitambo mikubwa huipuliza kwa makusudi ndani ya matangi ili dhahabu ipatikane haraka na dawa itumike kidogo. Wachimbaji wadogo wanaochenjua marudio katika mialo ya Msalala na Geita hutegemea hewa ya kawaida tu. Hali kadhalika hospitali. Mwaka 2021, wakati wa ugonjwa wa korona, dunia nzima iliona thamani ya mtungi mmoja wa oksijeni. Mtambo wa megawati moja hutoa oksijeni inayopita tani tatu kwa siku. Ikisafishwa na kupimwa kwa kanuni za tiba, sehemu ndogo tu ya hiyo ingetosha hospitali nyingi za mikoa hii miwili.

Habari ya maji haitatuchukua muda. Mtambo huo wa megawati moja huhitaji maji ya kusafishwa kama ndoo 200 kwa siku, mbali na yale ya kupoza mitambo. Maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga yaweza kuubeba mzigo huo bila kuwakausha watu, ikiwa mtambo ni mdogo. Ukiwa wa megawati mia, hesabu ianze upya.

Linalobaki ni suala la mahali na zamu. Mgodi wa Buzwagi, karibu na mji wa Kahama, ulifikia mwisho wake mwaka 2021, na eneo lake limetengwa kwa ajili ya viwanda. Penye mgodi wa namna ile palikuwa na umeme wa msongo mkubwa, barabara, maghala na uwanja. Kuanzia hapo ni nafuu kuliko kuanza porini. Kwa upande mwingine Bulyanhulu inatufundisha jambo: mwaka 2017, mchanga wa madini ulipozuiwa kusafirishwa, mgodi ulipunguza kazi, na chini ya ardhi haukurudi mpaka mwishoni mwa mwaka 2020. Mnunuzi mkubwa wa umeme aliondoka ghafla, na njia yake ya kilovoti 220 ikabaki imesimama. Mtambo wa haidrojeni, unaoweza kupunguza au kuongeza ulaji wake kwa amri ya chumba cha uongozaji gridi, ungeweza kuziba pengo la namna hiyo. Kwa sababu hiyo hiyo mkataba wake useme wazi kwamba wakati wa upungufu wao ndio wa kwanza kuzimwa, pasipo fidia, na kwamba bei ya chini ni malipo ya utii huo. Haitakuwa haki mwenye karasha wa Segese akatwe umeme ilhali seli za kiwanda zinaendelea kutoa mapovu.

Vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimetangazwa kufikiwa na umeme, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini kufikiwa kwa kijiji si kufikiwa kwa vitongoji vyake. Mwananchi aliyelipa shilingi 27,000 za kuunganishiwa aweza kupata taa, naye akitaka kufunga mota ya kukobolea mpunga akaambiwa kwamba transfoma imezidiwa au kwamba laini ya kwake haina nyaya tatu. Umeme wa ziada ungepata wanunuzi wengi hapo hapo, wanaolipa bei kamili, kabla haujauzwa kwa bei ya kutupa. Kila mota inayohama kutoka mafuta ya dizeli kwenda kwenye nguzo ni mnunuzi mpya wa maji ya Rufiji. Hata mgodi wa Geita kwa miaka mingi ulijifulia umeme wake kwa dizeli, jirani na nchi iliyokuwa ikitafuta wanunuzi. Wahesabiwe hao kwanza. Kitakachosalia kiitwe ziada, na hicho ndicho kipelekwe katika mtambo wa majaribio wa megawati moja au mbili, uliofungwa vichujio vyake, ukiuza oksijeni na amonia kwa pamoja.

Na mtambo huo ujengwe pamoja na tangi. Bwawa la Rufiji hufurika Machi, Aprili na Mei. Mkulima wa Msalala hupanda Novemba na Desemba. Amonia huhifadhiwa ikiwa kimiminika, ama kwa kushindiliwa, ama kwa kupozwa hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na kati ya mafuriko ya Aprili na jembe la Novemba ipo miezi saba ya kuitunza.